Mwaka Masatu Alipopiga Picha za Kuta

Mwaka jana, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa binamu yangu kule Bunda, walinikalisha meza moja na Bhoke. Mwanzoni sikumtambua. Nilimwona mama mnene mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi, amevaa miwani ya kamba, anahangaika na kifuniko cha soda. Yeye ndiye aliyenijua. Aliinuka, akanikumbatia, akasema, "Wifi, pole sana na kaka yangu. Nilisikia msiba umeshapita." Masatu, mume wangu, ana miaka minne kaburini. Nimeshalia, nimeshamaliza, nguo zake nimeshagawa. Lakini nilipolisikia lile neno, kaka yangu, kitu kikanichoma chini ya titi la kushoto, palepale kilipokuwa kinachoma zamani. Mimi, mjane, mtu wa vidonge vya presha asubuhi na jioni, nikaona wivu kwa ajili ya marehemu.

"Ulikuwaga unanichukia sana, wifi," Bhoke akasema muziki ulipopungua.

"Sana."

"Nilijuaga. Kila siku ulikuwa unanipakulia mkia wa samaki."

Tukacheka mpaka mshereheshaji akatuangalia. Ni kweli nilikuwa nampakulia mkia. Kichwa kilikuwa cha Masatu, kipande cha katikati changu. Nilirudi nyumbani Bweri na kile kicheko, na tangu siku hiyo ule mwaka wetu na Bhoke umekataa kulala.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeolewa sina hata mwaka. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu, kwa hiyo mtu akitaka sura yake ibaki alikuja Mukendo, mtaa wa katikati ya Musoma, kwenye studio ya Masatu. Tulikuwa na vyumba vitatu vilivyopangana kama mabehewa. Cha mbele kilikuwa na benchi, kioo, kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiibwe, na koti jeusi moja na tai moja ambavyo wanaume wote wa mji waliofuata kitambulisho walivivaa kwa zamu. Nyuma ya kiti cha wateja kulikuwa na pazia lililochorwa ndege inaruka juu ya ziwa la buluu kali. Chumba cha katikati kilikuwa cha giza, dirisha limezibwa kwa blanketi, taa nyekundu, beseni tatu za dawa, na kamba ya kuanikia picha. Cha nyuma ndicho kilikuwa nyumba yetu: kitanda, jiko la mkaa, sufuria, na pazia badala ya mlango. Harufu ya dawa za kusafishia picha iliingia mpaka kwenye ugali. Masatu alinifundisha kazi ya chumba cha giza wiki ya kwanza ya ndoa, na kabla ya Krismasi nilikuwa nasafisha picha vizuri kuliko yeye. Akiwa hayupo, mteja wa pasipoti nilimpiga mwenyewe. Nilidhani hayo ndiyo maisha, na sikuyaona mabaya.

Bhoke aliingia siku moja ya mvua, viatu mkononi. Alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya pale mjini, mrefu, hana mume, anaongea na wanaume akiwaangalia machoni. Alisema kuna ofisi Dar es Salaam inakusanya picha za majengo ya zamani ya miji ya kando ya ziwa kabla hayajaisha, na yeye amepewa Musoma.

"Natafuta mtu anayejua kupiga nyumba," akasema.

Masatu akacheka. "Nyumba, madam? Nyumba haitabasamu."

"Ndiyo maana natafuta anayejua."

Masatu aliacha kucheka. Nilimwona. Wateja wote walimwuliza picha zitakuwa tayari lini. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anajua. Akajifuta mikono, akavuta benchi, akamwambia akae. Madam Bhoke akageuka kwangu, akanisalimia vizuri sana, na kabla sijajibu akaniita wifi. Kwetu neno hilo ni kama kutangaza: huyu mumeo ni kaka yangu, usiwe na shaka na mimi. Shaka ikaanza hapohapo.

Wakaanza kutembea. Shule ikitoka mchana, madam alikuja na kitabu cha michoro kwapani, Masatu akaning'iniza kamera shingoni, wakapotea. Walianzia mtaani kwetu, maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza na nguzo nene, majina ya wenyewe yameandikwa kwa saruji juu ya paa. Wakaenda kwenye jineri, kiwanda cha pamba kilichokufa, kwenye maghala ya ufukweni, kwenye kanisa la mawe. Walirudi wana vumbi mpaka kwenye nyusi, na mimi nimeshapika. Kumwacha mgeni aondoke na njaa sikuweza, hata mgeni wa namna ile. Basi tukakaa watatu chumba cha nyuma, magoti yanakaribia kugusana, ugali wa muhogo katikati na furu, visamaki vya ziwani, wa kuchemsha, au sato siku iliyokuwa njema. Wao walikula wakiongea. Mimi niliosha bakuli nikisikiliza.

"Uliona ule ufa wa pembeni? Kulikuwa na mlango pale, wakauziba."

"Wee!"

"Kabisa. Angalia plasta, rangi yake siyo moja."

"Basi kesho turudi asubuhi. Jua likipiga kwa upande, utaonekana wote."

Na kicheko. Nilisikiliza nikisubiri neno moja la mapenzi, nipate pa kushikia. Sikulipata hata siku moja. Walikuwa wanaongelea milango. Leo naweza kusema ingekuwa nafuu wangeongelea mapenzi, kwa sababu hayo ningeyajua, ningejua na pa kuyapeleka. Lakini mume wangu, ambaye na mimi tuliongea habari za mkaa na kodi ya chumba, na yule mwanamke alikuwa anaongea mpaka ugali unapoa mkononi.

Kibaya zaidi kilikuwa chumba cha giza. Masatu alikuwa na desturi ya kumsimamisha madam kando ya nguzo au mlango ili mtazamaji ajue jengo lina ukubwa gani. Alipiga picha, mimi nikasafisha. Nilizamisha karatasi nyeupe kwenye beseni, nikaitikisa taratibu chini ya taa nyekundu, na sura ya kwanza kutokea ilikuwa yake. Kwanza macho na nywele, kwa sababu ndivyo vyeusi, halafu gauni, halafu jengo lote nyuma yake. Bhoke na nguzo. Bhoke na ghala. Bhoke kwenye ngazi za kanisa, mkono umekinga jua. Nilizijua nguo zake zote kwa rangi nyeusi na nyeupe. Siku moja nilishika kitasa cha mlango nikafikiria jinsi mwanga ukiingia sekunde chache tu, kazi ya wiki nzima inavyoungua. Nikakiacha kitasa. Nikaanika picha, zikadondosha maji usoni kwangu, yeye akiwa ananiangalia kutoka kwenye kamba.

Bombani wanawake walishaona. "Mke wa Masatu," akasema mmoja akijaza ndoo, "mumeo siku hizi anapiga picha kuta eh?"

"Ndiyo, ni kazi ya Dar."

"Mbona ukuta wenyewe una makalio?"

Walicheka mpaka maji yakamwagika. Nilibeba ndoo yangu bila kuangalia nyuma, na mchana nilipokuwa peke yangu na Masatu nikasema, "Kwa nini lazima asimame yeye?"

"Asimame nani mwingine? Wewe si uko na wateja?"

"Mimi hujanipiga hata moja tangu harusi."

Alinishangaa kweli. "Filamu ni ya kazi, mama. Wewe si nakuona kila siku?" Akanigusa shavu. Alisema kwa upendo, na huo upendo ndio ulioniumiza, kwa sababu hakuwa anaficha kitu. Ndivyo alivyoniona: kama kitu kilichokuwepo.

Mahindi yalipokomaa nikaomba ruhusa niende Butiama kwa shangazi, nimsaidie kuvuna. Shangazi alijua kabla sijakaa. Alinipa uji wa ulezi kwenye kibuyu, akaninyang'anya neno moja baada ya jingine, na jioni, nikiwa nachambua maharage nje ya jiko lake, nikamsikia ndani akimsimulia jirani yake kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona.

"Amesoma huyo mwanamke?" jirani akauliza.

"Mwalimu kabisa."

"Hapo pagumu. Aliyesoma hagombani na mtu. Anakaa tu, anaongea vizuri, mpaka mwenye nyumba anachoka mwenyewe anaondoka."

"Mimi nitashuka Musoma," shangazi akasema. "Nitamuuliza kama shuleni kwao wanaume wameisha."

Hakuhitaji kushuka. Siku ya tatu tukasikia kwamba kuna watu wa picha wamekuja na pikapu, wako kwenye lile jengo la zamani la baraza la kesi, njia ya mnadani. Sikuwaza. Shangazi alikaza kitenge kiunoni, akavaa kandambili, akasema, "Twende." Njia nzima alikuwa anajipanga maneno. Tulipofika, Masatu na Bhoke walikuwa mbele ya jengo lenye msingi wa mawe na bati lililoiva kwa kutu, kamera iko juu ya stendi ya miti mitatu, na walikuwa wanabishana. Hawakubishana kwa mzaha. Masatu alitaka apige kutoka mbali, vionekane na vile vilima vya mawe nyuma. Bhoke alitaka karibu. Shangazi akavuta pumzi. Bhoke akageuka, akatuona, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeokolewa.

"Shikamoo mama. Wifi! Afadhali umekuja. Huyu kaka yangu ni mbishi. Hebu njoo uangalie hapa. Wewe unaonaje?"

Akasogea pembeni ya kamera ili nipite.

Niliinama nikaweka jicho. Ndani ya kile kidirisha kidogo jengo lilitulia, na mlango mkubwa katikati ulikuwa mweusi, umefungwa, umekufa. Niliangalia muda mrefu.

"Mlango ukifunguliwa je?" nikasema.

Walimtafuta mwenye ufunguo. Mlango ulipofunguliwa, mwanga kutoka dirisha la nyuma ukatambaa sakafuni mpaka kizingitini, na tukaona wote: kizingiti cha jiwe kilikuwa kimelika katikati, kimebonyea kama sahani, kwa miguu ya watu walioingia pale kudai ng'ombe wao na mipaka yao. Bhoke aliweka mkono mdomoni. Masatu akanisogeza begani taratibu, kama unavyosogeza kiti, akainama, akapiga. Nikarudi pembeni na mikono mitupu.

Tulipokuwa tunarudi shangazi alikuwa amekasirika. "Mbona hukusema kitu? Mimi nimeacha mahindi juani!"

"Kitu gani, shangazi?"

"Si tulikuja kugombana!"

Nikasimama njiani. Nilikuwa nimesahau. Muda wote ule sikuangalia mkono wa Bhoke uko wapi, wala macho ya Masatu yanaenda wapi. Nilikuwa naangalia kamera. Nilikuwa nimemwonea wivu yule mwanamke miezi yote, na ulikuwa wivu wa kweli, wa kukosa usingizi, lakini sikuwa nautaka ukaribu wake na mume wangu. Nilitaka kuamka asubuhi, nivae viatu, nitoke kwenda kutafuta ukuta, na nikirudi na vumbi kwenye nyusi mtu aniulize nimeona nini. Sikumwambia shangazi. Angeniona nimerogwa.

Nilirudi Musoma kabla ya siku nilizoomba kuisha. Wiki zile habari zilikuwa kwamba duka moja la Mukendo, la ghorofa ya mbao, la mwisho la aina yake mtaani kwetu, limeuzwa na linabomolewa Jumatatu. Bhoke alikuja mbio Ijumaa. Aliyelinunua alikuwa amewaruhusu Jumamosi tu. Masatu akashika kichwa: Jumamosi alikuwa na harusi Bunda, na harusi haiahirishwi.

"Basi tumelikosa," Bhoke akasema. Niliona machozi yanamlengalenga kwa ajili ya mbao.

"Nitaenda mimi," nikasema.

Masatu akaniangalia. "Wewe?"

"Ile kamera ya zamani si inabaki?"

"Hiyo ni kazi ya Dar, mama Mukendo, siyo pasipoti." Aliniitaga hivyo akitaka kunitania. Hakuna aliyecheka. Bhoke akauliza, "Saa ngapi, wifi?" na mambo yakawa yameisha.

Nilivaa viatu vyangu vya kanisani. Chini dukani palikuwa patupu, rafu zimeng'olewa. Ngazi ya mbao ilipanda kulia, na juu ya dirisha la kona kulikuwa na vioo vya rangi, vingi vimepasuka, vichache bado vinashika jua. Bhoke, kwa mazoea, akaenda kusimama chini ya ngazi, akajiweka sawa, akakunja mikono.

"Nisimame hapa?"

"Hapana," nikasema. "Kaa pembeni."

Sijui kama nimewahi kusema maneno mengine maishani yaliyonipa raha namna ile. Akakaa pembeni, bila kununa. Juu kulikuwa na bibi mmoja aliyepanga chumba pale miaka mingi akishona nguo. Mizigo yake ilikuwa imeshafungwa. Alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, kidaraja kimoja kimoja, anafuta mkono wa ngazi kwa kitambaa chenye maji.

"Bibi, shikamoo. Si wanabomoa?"

"Marahaba. Wanabomoa keshokutwa."

"Sasa unasafisha nini?"

"Nimekaa hapa vizuri," akasema. "Siwezi kuwaachia vumbi langu." Akaendelea kufuta. Jua likapita kwenye kile kioo, likatua kwenye mkono wake na kwenye mbao iliyolowa. Nilipiga. Nikasogeza mkanda wa filamu, nikapiga tena. Barabarani Bhoke akaninunulia soda, tukakaa kwenye baraza la watu.

Masatu alirudi Jumapili asubuhi na pilau ya harusi kwenye mfuko. Picha zilikuwa kambani. Aliingia chumba cha giza. Nilikuwa nje ya mlango.

"Hii ya bibi, nani alichagua pale pa kusimama?"

"Mimi."

"Imeungua kidogo huku pembeni," akasema, akatoka, akaenda kunawa. Pilau hakuigusa. Nilimjua mume wangu; alikuwa mtu wa kusifu hata picha mbaya ya mtu anayejifunza. Nikakaa kitandani peke yangu nikala ile pilau yote.

Madam alizipeleka picha Dar. Mwezi wa kumi na mbili akapata uhamisho kwenda Mwanza, akaja kutuaga, nikampakulia kichwa cha sato. Alikiangalia, akaniangalia, akala. Wiki moja baada ya kuondoka kwake zikafika kalenda kutoka ile ofisi, na kwenye mwezi wa tatu alikuwa yule bibi, mkono wake, kitambaa chake, kioo changu. Chini yake maandishi madogo: Picha ya Masatu, Mukendo, Musoma. Niliyasoma mara nyingi. Nadhani waliandika jina la studio bila kuuliza. Masatu aliyasoma pia, akasema, "Wamekosea hawa," akaitundika ukutani chumba cha mbele. Basi. Wateja wakaingia, wakaisifu, akasema asante. Na mimi niliyekuwa nimemaliza kumwonea wivu Bhoke nikaanza kumwonea wivu mume wangu, kwa kitu changu mwenyewe, na huo ulikuwa mchungu kuliko wa kwanza. Nililala naye kitanda kimoja nikimsikiliza anavyopumua vizuri.

Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya, tukiwa nje ya kanisa baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa akamshika Masatu mkono mbele ya watu. "Kijana wetu umetuheshimisha. Ile picha ya ngazi! Ukiiangalia unamsikia yule mama anapumua. Ulifanyaje?"

Masatu akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta jibu, na nikaona kwamba angelipata.

"Ile nimepiga mimi, baba," nikasema.

Mzee akanigeukia kama vile kinyago kimeongea, halafu akamgeukia Masatu ili acheke naye. Masatu aliangalia viatu vyake. Shingo yake ilivimba kidogo juu ya ile tai ya studio.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Mimi nilikuwa Bunda. Ni yeye."

Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Nilipika. Alikula akiangalia sahani, na alipomaliza akasema, "Ungeniambia kwanza hapa ndani."

"Ningekuambia, ungesemaje?"

Alifikiri. Masatu hakuwa mwongo. "Ningesema tusiwasumbue watu."

"Ndiyo maana."

Hakunipiga, hakunitukana, wala hakuniomba radhi. Alichukua ndoo akaenda bombani mwenyewe, kitu ambacho alikuwa hajawahi kukifanya, na wanawake wa pale waliniambia alijaza akaondoka bila kumsalimia mtu.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa chumba cha nyuma napuliza mkaa. Nikasikia mtu ameingia mbele, sauti ya mwanaume mgeni. Alikuwa amejenga nyumba Bweri, akasema, anataka ipigwe picha nzuri ampelekee kaka yake Arusha, na ameambiwa hapa kuna mtu anayejua kupiga majengo. Nikaacha kupuliza. Benchi likalia, Masatu amesimama. Halafu akaita kuelekea kwenye pazia, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa furu kooni:

"Mpiga picha! Unaitwa huku."

Nikanawa masizi, nikavaa viatu, nikatoka.